Herufi T Yenye Miguu Miwili

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana nitasema kwa kifupi, maana sina nguvu za kuulilia mkasa huu mara mbili.

Mimi ni Mwamvua, watu wa Shinyanga wananiita Mama Zuwena. Mume wangu Hatibu, mfua fedha mwenye kibanda chake nyuma ya soko, alishikwa stesheni akishuka kwenye treni ya Mwanza, akitokea machimboni Geita. Ndani ya pindo la koti lake askari walikuta sarafu sita za dhahabu za Mjerumani, zile zenye tembo, zilizogongwa Tabora wakati wa vita. Mzungu wa kampuni ya dhahabu akasema ni za bandia, zimetengenezwa kwa dhahabu iliyoibwa mgodini kwao. Hatibu akaulizwa kazipata wapi. Akanyamaza. Akapigwa, akanyamaza vilevile.

Na mimi, badala ya kukaa kimya kama wanawake wenzangu, nikasimama katikati ya mahakama nikapayuka kwamba sarafu zile ni za kweli na nina ushahidi. Hapo ndipo tulipoachia wiki jana. Wengi mmeniandikia kunisifu kwa ushujaa ule. Someni kwanza ya leo, halafu mniambie kama sifa zenu mnazitaka zirudi.

Hakimu aliniambia nije Alhamisi na ushahidi wangu. Nikaja. Nilivaa kanga mpya, nikavaa mkufu wangu, nikamwacha Zuwena na mdogo wake kwa jirani. Nilimwambia Zuwena apike wali, kwa sababu baba yake angerudi nyumbani jioni ile. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mama yangu, Bi Mwaisha, alikuja pia. Alikuja na mdogo wangu Zamoyoni, ambaye alikuwa mhunzi wa kunoa sururu huko huko Geita. Aliomba ruhusa kazini ili aje amtazame shemeji yake. Nilipowaona wamekaa benchi la nyuma, moyo wangu ulijaa. Nikasema, alhamdulillahi, nina watu.

Hatibu aliletwa na pingu zake. Alikuwa amekonda mpaka kanzu inamvaa yeye. Nilitaka kulia, nikajizuia, maana nilikuwa nimekuja kufanya kazi.

Hakimu alikuwa Mzungu, na mkalimani wake alikuwa karani Jilala, Msukuma wa Tinde, mtu mpole.

"Mayu," aliniambia, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "simama pale. Usiende mbio, mimi nina mdomo mmoja na lugha mbili za kubeba."

Mzungu wa kampuni akatoa sarafu yake, iliyoletwa kutoka benki, akaiweka mezani karibu na zile sita za Hatibu. Akasema maneno mengi. Jilala akayafupisha.

"Anasema hii ya benki ndiyo ya kweli. Upande wa pili, wenye ndege, kuna maandishi, na chini ya maandishi kuna ua la mapambo. Kwenye sarafu za mumeo ncha ya ua upande wa kulia inafika chini ya herufi A. Kwenye hii ya benki haifiki, inaishia herufi moja kabla. Anasema serikali moja haitengenezi pesa moja kwa sura mbili."

"Mwambie ilitengeneza."

"Anauliza kwa nini."

"Kwa sababu mihuri ya kwanza ilipasuka."

Hapo hakimu akaweka kalamu chini. Nikaona nimempata, nikaanza kuwaeleza kama nilivyoelezwa mimi.

"Marehemu baba yangu, mzee Sabiti, alikuwa mhunzi Ujiji. Vita vilipowabana, Wajerumani walimchukua wakampeleka Tabora kwenye karakana ya reli. Meli haziji, pesa zimekwisha, askari wanataka mishahara. Basi wakaamua kugonga pesa wenyewe, kwa dhahabu ya huku huku. Fundi mmoja akachonga mihuri ya chuma, mmoja wa upande wa ndege na mmoja wa upande wa tembo. Wakagonga, wakagonga, mihuri ikapasuka. Akachonga mingine. Ua la pili halikukaa kama la kwanza. Alilichonga kwa mkono, bwana, na alikuwa na haraka, Waingereza walikuwa njiani."

Watu wakacheka kidogo. Hakimu hakucheka, lakini hakukasirika.

"Hayo ni maneno," Jilala akatafsiri. "Anataka kitu cha kuona kwa macho."

"Atazame chini ya tembo. Kuna herufi T ndogo. Ni T ya Tabora, alama ya mahali ilipogongwa. Kwenye muhuri wa pili yule fundi aliisahau. Baba akaamriwa aiweke yeye. Akasimamisha chapa ya herufi juu ya chuma, akapiga nyundo, chapa ikateleza. Akaisimamisha tena, akapiga mara ya pili. Kwa hiyo T ile ina miguu miwili, mmoja mnene, na ubavuni mwake mwingine mwembamba kama uzi. Baba alichapwa viboko kwa ajili ya mguu ule mwembamba. Alituonyesha mpaka anakufa."

"Alikuonyesha kwenye nini?"

"Kwenye hii."

Nikavua mkufu. Tembo wangu alishikwa na kitanzi cha fedha, nikamchomoa, nikamweka juu ya meza ya hakimu.

"Baba alipewa sarafu hii moja walipokuwa wanafunga karakana. Hakuiuza hata tulipolala njaa. Alinivisha siku ya harusi yangu. Kama sarafu za mume wangu ni za bandia, basi na hii ni ya bandia, na aliyeitengeneza ni Mjerumani mwenyewe."

Hakimu akachukua kioo cha kukuzia. Akaangalia tembo wangu. Akaangalia wa Hatibu, mmoja mmoja.

"Miguu miwili," akasema, kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila Jilala.

Mahakama nzima ikaguna. Hatibu akainua uso. Tangu akamatwe nilikuwa sijamwona akiniangalia machoni, na sasa aliniangalia, akatabasamu kwa ile midomo yake iliyopasuka.

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kama mwendawazimu. Nilikuwa tayari nawaza kama Zuwena ameweka chumvi kwenye wali.

Mzungu wa kampuni ndiye aliyeniharibia. Aliomba kioo. Akazipanga sarafu saba mstari mmoja, yangu mbele, zile sita nyuma yake. Akainama juu yake kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kuzungumza. Kisha akamwita hakimu kwa kidole, nao wakainama pamoja, wakinong'ona kwa lugha yao.

"Wanasema nini?" nikamwuliza Jilala.

"Ngoja, mayu."

"Si uniambie."

"Ngoja."

Hakimu akaniita mezani. Akanipa kioo.

"Anauliza," Jilala akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hapa juu ya mgongo wa tembo wako kuna vishimo viwili vidogo. Je, navyo vilitokana na muhuri?"

Nikaangalia, nikacheka.

"Hivyo? Hivyo ni meno ya shangazi."

Ukoo wetu una desturi yake. Bibi harusi havishwi dhahabu kabla shangazi yake hajaiuma mbele ya watu, ili upande wa mume usije kusema baadaye tuliwapa shaba. Shangazi yangu alikuwa Mmanyema wa zamani, meno yake ya mbele yamechongwa yakawa makali. Aliuma kwa nguvu zote, wanawake wakapiga vigelegele, na ncha mbili za meno yake zikabaki mgongoni kwa tembo. Nilimweleza Jilala yote hayo huku nacheka, na nikamwambia asisahau vigelegele.

Jilala hakutafsiri. Alinisogezea ile sarafu ya kwanza ya Hatibu.

"Angalia hii, mayu."

Nikaangalia. Mgongoni kwa tembo kulikuwa na vishimo viwili.

Nikaangalia ya pili. Viwili. Ya tatu. Viwili, pale pale, kimoja kirefu kidogo kuliko kingine.

Sikuzimaliza zote. Nikakirudisha kioo mezani.

Muhuri unagonga sarafu maelfu, nazo zote zinatoka na ua lile lile na T ile ile yenye miguu miwili. Hilo nililijua tangu utotoni na ndilo nililokuja kujitapa nalo. Lakini shangazi yangu aliuma sarafu moja tu. Mtu alikuwa amemchukua tembo wangu, akamkandamiza kwenye mchanga wa kalibu, akamimina dhahabu, akamtoa mwingine, na mwingine, na mwingine. Ua likahama, T ikahama, na meno ya shangazi yakahama pamoja nayo.

Mume wangu alikuwa na sarafu za bandia kweli, na aliyethibitisha nilikuwa mimi.

Hatibu alishaelewa. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Hakimu anakwenda kula," Jilala akaniambia. "Sarafu yako inabaki hapa. Ukirudi utamwambia iliwahi kuwa mikononi mwa nani zaidi yako. Fikiri vizuri, mayu. Kama haikutoka shingoni kwako, basi nyumba ni ya watu wawili tu, wewe na mumeo."

Sikuhitaji kufikiri. Mkufu ule niliuvua mara moja tu tangu niolewe, nao ulikuwa msiba wa baba. Kwetu binti hakai matangani na dhahabu mwilini. Nilimpa mama, naye akaufungia kwenye sanduku lake mpaka arobaini ikapita. Na katika nyumba ile ya mama, wakati ule, alikuwa akilala nani? Zamoyoni.

Nikawafuata nje, yeye na mama. Walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta wa boma, karibu na mwanamke aliyekuwa akiuza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Mama alikuwa ameshika moja bila kulila.

"Zamoyoni."

"Dada."

"Niangalie."

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya.

"Ulimchukua tembo wangu kwenye sanduku la mama."

"Niliazima, dada. Niliurudisha mkufu, si uliukuta?"

"Na dhahabu?"

"Kuna vijana wa chini, wanaotoa mawe. Wananiletea chenga chenga ndani ya nywele, ndani ya ugoro. Dhahabu mbichi ukikutwa nayo unafungwa. Nikasema, ikiwa pesa ya Mjerumani nani atauliza? Kila mzee huku ana moja ameificha."

"Hatibu alijua?"

Akafuta vumbi la kiatu kimoja kwa kingine.

"Zamoyoni, Hatibu alijua?"

"Hakujua. Nilimwambia ni akiba ya marehemu baba, aje aniuzie kwa Mhindi hapa Shinyanga. Nilimpa koti limeshashonwa."

"Sonara mzima, asizikague!"

"Aliniamini, dada. Alijua alipokamatwa. Nikamtumia mtu kumwomba asinitaje. Akajibu hatanitaja, kwa heshima yako na ya mama."

Nilimpiga kofi. Mwanamke wa matobolwa akasogeza kapu lake. Zamoyoni hakujikinga, na hilo lilinichoma zaidi, maana nilimlea mimi, nilimbeba mgongoni mama alipokuwa akienda shamba. Mkono wangu uliumia na moyo wangu uliumia.

"Punguza sauti," mama akasema. "Watu wanasikia."

Nikamgeukia. Hakuwa ameshangaa hata kidogo.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua aliporudisha mkufu una mchanga."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na msiba wa mume wangu. Ulitaka niuongeze na wa mwanangu?"

"Mama, Hatibu atafungwa! Miaka! Watoto wangu watakula nini?"

"Punguza sauti, Mwamvua."

"Nitamtaja. Tukiingia ndani nitamtaja."

Zamoyoni akachuchumaa chini, akashika kichwa. Mama akanisogelea. Nilidhani atanilaani. Nilijiandaa kulaaniwa.

"Hatibu ukimkosa utaolewa na mwingine," akasema taratibu. "Mimi Zamoyoni mwingine nitamzaa wapi, na umri huu?"

"Mama, na mimi je? Mimi si mtoto wako?"

Akafanya kitu ambacho hakuwa amenifanyia tangu nilipoolewa. Akanitengeneza kanga, akaniwekea upande mmoja sawa begani, akanifuta machozi kwa kiganja.

"Basi sema ukweli wako, mwanangu," akaniambia. "Mimi sitakuzuia."

Nilimkumbatia. Nilimshukuru. Naomba mlione hilo: nilimshukuru.

Tuliporudi ndani sikusubiri kuulizwa. Hatibu alinitikisia kichwa kutoka kizimbani, akiniambia nisiseme, nami nikajifanya sikumwona. Nilimpenda mno, nisingeweza kumwona amefungwa kwa ajili ya kosa la mwingine. Nikasema mkufu wangu ulikaa kwa mama wakati wa msiba. Nikasema ndani ya nyumba ile alikuwamo mdogo wangu Zamoyoni, mhunzi wa Geita. Nikasema ameniambia mwenyewe, sasa hivi, hapo nje ya ukuta.

Jilala alitafsiri mpaka mwisho, akapangusa jasho.

Hakimu akamwita mama.

Mama yangu alitembea kutoka benchi la nyuma akijikokota. Alikuwa mwanamke asiyekosa swala hata moja, na watu wa mtaa walikuwa wakimletea watoto wagonjwa awasomee. Askari akamletea msahafu. Akaweka mkono juu yake.

"Mkufu wa binti yako ulikaa kwako wakati wa msiba wa mumeo?"

"La."

Nilidhani Jilala amekosea swali. Hata yeye alidhani, akauliza tena.

"La, bwana," mama akasema. "Aligoma kuuvua. Tulimsema sana, akatushinda. Tangu mdogo ana kichwa kigumu."

"Mama!" nikapiga kelele.

"Nyamaza," askari akaniambia.

"Mama, mkono wako uko juu ya msahafu!"

"Nyamaza, mwanamke!"

Mzungu wa kampuni akasimama. Alikuwa na swali moja tu. Nani katika nyumba ya marehemu alifundishwa kazi ya mihuri na sarafu?

"Huyu," mama akasema, akaninyooshea mkono. "Mdogo wake hakuwa na jicho la kazi ile. Marehemu alikuwa akikaa na huyu mlangoni, anamwonyesha ua, anamwonyesha herufi, anamweleza jinsi chuma kinavyochongwa. Nilikuwa namwambia, mzee, huyo ni mtoto wa kike, umfundishie nini? Alikuwa anacheka tu."

Hilo lilikuwa kweli. Kila neno. Ningelikana namna gani? Nilikuwa nimelisema mwenyewe asubuhi, kwa majivuno, mbele ya watu wote.

Mzungu akasema jambo refu, akinionyesha kwa kalamu. Jilala aliangalia sakafu alipokuwa akitafsiri.

"Anasema tangu aanze kesi hii hajasikia mtu akieleza sarafu hizi kama ulivyoeleza wewe. Anasema hata yeye hakuijua T ile. Anasema anayejua kiasi hicho, na mwenye sarafu mama shingoni kwake, na mwenye mume mfua fedha mwenye kalibu na moto, huyo hahitaji mhunzi wa Geita."

"Mwambie si kweli, Jilala!"

"Nimeshamwambia, mayu. Nimeongeza na ya kwangu, ingawa si kazi yangu."

"Mwambie amwulize Zamoyoni! Yuko pale!"

Wote wakageuka. Benchi la nyuma lilikuwa na mzee mmoja amelala na mwanamke ananyonyesha. Zamoyoni hakuwapo. Askari alipotumwa nje alirudi akasema mwenye matobolwa amemwona kijana mwenye viatu vipya akielekea stesheni, haraka.

"Mtu mwaminifu hakimbii!" nikasema.

Mama akajibu kabla ya mkalimani. "Amekwenda kazini. Aliomba ruhusa ya siku moja tu."

Alisema hivyo bila kuniangalia. Alikuwa bado ameweka mkono juu ya msahafu, hakuna aliyemwambia autoe.

Hakimu akaandika, akaacha kuandika, akaandika tena. Aliponyanyua kichwa alimgeukia Hatibu.

"Hatibu, simama. Hakimu anasema hivi. Mama mkwe wako ameapa mkufu haukutoka kwa mkeo. Kwa hiyo hao tembo sita wametoka nyumbani kwako, na nyumbani kwako mna watu wazima wawili. Kama ni wewe uliyewasubu kwenye kalibu, utafungwa kwa wizi wa dhahabu na kwa kutengeneza pesa. Kama ni mkeo, na wewe ulibeba tu kwa kuwa ulitumwa, mzigo ni wake, na wewe utakwenda zako. Anakuuliza mara hii moja tu. Ni nani?"

Hatibu alisimama. Pingu zikalia.

Nilimwangalia mume wangu. Nilimwangalia kwa matumaini, msinicheke. Mtu aliyepigwa mpaka midomo ikapasuka asimtaje shemeji yake, angeshindwa kuninyamazia mimi? Nilikuwa tayari kumsikia akisema ni yeye, na nilikuwa tayari kupinga, kupiga kelele, kung'ang'ania mlango wa lori la magereza. Nilikuwa hata nimeshaanza kulia kwa ajili yake.

"Nimechoka, bwana," Hatibu akasema.

"Hilo si jibu," Jilala akamwambia, na nina hakika hilo halikutoka kwa hakimu. "Hatibu, fikiri. Una watoto."

"Ndiyo. Nina watoto." Akapangusa pua kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa. "Huko ndani wamenipiga mbavu, nakojoa damu. Nikifungwa sitatoka mzima. Mwanamke hawampigi hivyo."

"Jibu swali," hakimu akasema mwenyewe kwa Kiswahili.

"Ni mke wangu," akasema. "Mimi nilibeba tu."

Sikupiga kelele. Mama alikuwa anaporomosha shanga za tasbihi yake, na Mzungu wa kampuni alikuwa anazikusanya sarafu kwenye mfuko wa kitambaa, na yangu akaitia humo humo pamoja na zile za bandia.

Askari akamfungua Hatibu. Hatibu akajisugua vifundo vya mikono, akapita mbele yangu kuelekea mlangoni, akasimama kidogo kana kwamba kuna kitu amesahau.

"Nitawaangalia watoto," akaniambia.

Kisha askari akanishika mkono, akanifunga pingu zile zile. Zilikuwa bado na joto lake.